Kibarua wa Miti Asiachwe Mvua Zikikatika

Kila mwaka mvua za vuli zinapoanza kunyesha juu ya miamba ya Mwanza, na tena zile za masika zinapofuata, husikika katika wilaya zetu za kando ya Ziwa Victoria wito wa kupanda miti. Magari hupakia miche, majembe hugawanywa, na vijana kwa wazee huajiriwa kwa siku chache kuchimba mashimo na kupanda. Mvua zikikatika, kazi nayo hukatika. Kibarua hupokea ujira wake akarudi kwake, na mche alioupanda huachwa mikononi mwa jua, mbuzi na moto.

Leo twapenda kulitazama jambo hili kwa makini. Kwa maoni yetu, udhaifu mkubwa wa kazi ya kurudisha misitu si kwamba watu wetu hawapandi. Udhaifu ni kwamba mtu huajiriwa kwa ajili ya siku ya kupanda, wala haajiriwi kwa ajili ya mti.

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Agizo la serikali lataka kila halmashauri ipande miti 1,500,000 kwa mwaka. Mkoa wa Mwanza una halmashauri 8: Jiji la Mwanza, Ilemela, Magu, Kwimba, Misungwi, Sengerema, Buchosa na Ukerewe. Jumla yake ni miti 12,000,000 kila mwaka. Tuchukue kwa mfano kwamba mtu mmoja aweza kuchimba mashimo na kupanda miche 100 kwa siku. Miti ya halmashauri moja itahitaji siku za kazi 15,000, yaani watu 300 wakifanya kazi kwa siku 50. Ikipandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa mita 3, itajaza hekta 1,350 hivi.

Hiyo ni kazi ya kupanda peke yake. Bado hatujahesabu kuokota mbegu porini, kujaza udongo katika viriba, kumwagilia vitalu, kupalilia mara ya kwanza na ya pili, kulima njia za kuzuia moto, kuzuia mifugo, na kurudi baada ya mwaka kuhesabu iliyo hai. Mwenye kufikiri ataona mara moja kwamba kupanda ni fungu dogo la kazi yote. Nalo ndilo fungu tunalolilipia kwa shangwe na kulipigia picha.

Wala jambo hili si la mkoa mmoja. Tanzania imeahidi mbele ya mataifa kurudisha uoto katika hekta milioni 5.2 ifikapo mwaka 2030. Upande wa pili, makadirio ya serikali kwa miaka ya 2002 hadi 2013 yalionyesha kwamba nchi ilikuwa ikipoteza hekta zipatazo 469,000 za misitu kila mwaka. Mbele ya upotevu wa namna hiyo, mche uliokufa hautufai kitu, hata ukiandikwa mara tatu katika taarifa.

Jambo la pili ni kalenda. Katika Usukuma mkulima hupanda pamba yake kuanzia katikati ya Novemba hadi Desemba, na mahindi na mpunga hudai mikono yake majira yale yale. Ndipo hapohapo mwajiri wa miti anapokuja kutafuta watu. Mkulima ana mambo mawili: ama auache mti, ama aliache shamba lake kwa ajili ya fedha za siku chache. Akichagua shamba lake, nani atamlaumu? Lakini mwezi wa Juni hadi Septemba, mazao yakiwa yamekwisha kuvunwa, mtu yule yule ana nafasi, tena ana haja ya fedha. Na huo ndio wakati ambao watu humwambia kwamba kazi ya miti haipo.

Kumbe kiangazi ndicho kilicho na kazi. Njia za moto hulimwa kiangazi. Mbegu nyingi za porini huokotwa kiangazi. Vitalu humwagiliwa kiangazi ili miche iwe tayari vuli ikifika. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti huadhimishwa tarehe 1 Aprili. Mche unaopandwa siku hiyo huku kwetu una mvua za kama miezi miwili tu mbele yake. Usipopata mtu wa kuuwekea nyasi shinani na kuumwagilia, utakuwa umepandwa ili ukauke. Ratiba ya ajira ingefuata maisha ya mti badala ya sherehe zake, mkulima na msitu wangesaidiana badala ya kugombana.

Wako watakaouliza kama watu wetu wanaweza kuilinda miti kwa miaka mingi. Jibu liko karibu, nalo liko Shinyanga.

Katika miaka ya 1920, chini ya utawala wa Waingereza, watu kwa maelfu walikusanywa huko kufyeka pori ili kumfukuza mbung'o. Kazi hiyo ilisimamiwa na C. F. M. Swynnerton, na baadaye Shinyanga ikawa makao ya idara ya utafiti wa mbung'o. Hatusemi kwamba wazee wetu walikosea. Malale na nagana ni maradhi ya kuua, na ng'ombe walikuwa hawana pa kuishi. Lakini pori lilipokwisha, ng'ombe wakaongezeka, pamba ikaenea, kuni zikaadimika, na udongo ukabaki uchi. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere aliitembelea Shinyanga akaiona hali hiyo kwa macho yake, na mwaka 1986 ikaanzishwa kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, iliyojulikana kwa jina la HASHI.

Mwanzoni wataalamu walipeleka vitalu na miche, kama ifanyikavyo kila mahali. Kilicholeta badiliko kubwa, hata hivyo, ni desturi ya Wasukuma wenyewe iitwayo ngitili: eneo la malisho hufungwa mvua zinapoanza, majani na vichipukizi vikapata kukua, kisha hufunguliwa kiangazi kinapokaza. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta kama 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Migunga na miti mingine iliota kutoka katika mizizi na mashina yaliyokuwamo ardhini, bila ya gari kupakia mche hata mmoja.

Siri ya ngitili ni nini? Ni kwamba kila ngitili ina mwenyewe. Ama ni ya kaya fulani, ama ni ya kijiji kizima, na atakayeingiza ng'ombe kabla ya wakati huitwa mbele ya dagashida, yaani baraza la jadi, akatozwa faini. Mlinzi yupo mwaka mzima. Mti haukuachwa na mtu wake mvua zilipokatika. Hilo ndilo somo ambalo waajiri wa miti hawajalichukua.

Usukuma una somo jingine pia. Tokea zamani vijana walilima mashamba ya watu kwa vikundi, chini ya kiongozi wao aitwaye nsumba ntale. Kikundi kilipatana ujira, kikafanya kazi kwa ngoma na nyimbo, kikagawana kilichopatikana. Mwajiri alijua wa kumwuliza kazi ikiharibika, na mlimaji alijua wa kumlilia ujira ukipunjwa. Mtu anayeokotwa njiani leo kwenda kupanda miti hana nsumba ntale wala hana hati. Ni mnyonge kuliko babu yake.

Sasa tuseme juu ya maarifa, kwa maana watu wengi hudhani kwamba kazi ya miti ni ya nguvu za mikono tu. Hilo si kweli.

Tuchukue mti wa mninga, ambao mbao zake zinajulikana kwa kila seremala. Mche wake ukiota porini, kiangazi majani na kijiti chake hufa hadi usawa wa ardhi, huku mzizi ukiendelea kunenepa chini. Mwaka unaofuata huchipua tena, kisha hufa tena. Na hivyo kwa miaka kadhaa, mpaka mzizi upate nguvu ya kuinua shina. Mpimaji asiyeujua mti huu akija mwezi wa Agosti ataandika kwamba mche umekufa. Kibarua asiyefundishwa ataling'oa shina lake kwa jembe akidhani anapalilia. Tuchukue pia mbegu za mgunga: ganda lake ni gumu, na asiyejua kuzitia katika maji ya moto na kuziacha zilowe usiku kucha ataona chache tu zikiota, kisha atasema mbegu zilikuwa mbovu. Maarifa haya hayapatikani kwa siku 5. Hupatikana kwa mtu yule yule kurudi mahali pale pale, msimu baada ya msimu.

Wataalamu wenyewe walilijua hilo. Mtaalamu wa mimea wa idara ile ya mbung'o, B. D. Burtt, alizunguka sehemu nyingi za nchi hii akikusanya mimea mpaka alipokufa pamoja na Swynnerton katika ajali ya ndege mwaka 1938. Ipo mimea yenye majina yao kwa Kilatini mpaka leo, nao waliifanyia elimu kazi kubwa. Lakini waliobeba mizigo, waliokwea matawi kuchuma maua, na waliotaja jina la kila mti na matumizi yake, wengi wao hatuyajui majina yao. Kati ya mwaka 2009 na 2014 misitu ya Tanzania Bara ilipimwa yote, kwa msaada wa Ufini na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Viwanja vya vipimo zaidi ya 30,000 vikafikiwa, na ikajulikana kwamba misitu na mapori ni hekta milioni 48.1. Kazi kama hiyo haiwezekani bila ya mwenyeji anayejua njia na anayejua jina la mti. Kwa nini basi mwenyeji huyo, kazi ikiisha, asiwe na karatasi hata moja ya kuonyesha alichokifanya?

Katika nchi za Ulaya na Marekani kijana anayesoma elimu ya mimea hutafuta kazi ya msimu porini kama ngazi ya kupandia. Tangazo la kazi humweleza majuma ni mangapi, ujira ni kiasi gani, atalala wapi na atajifunza nini. Naye msimu ukiisha huondoka na barua ya kumsifu, akapata kazi iliyo bora zaidi mwaka unaofuata. Kazi ni ile ile ya kuhesabu miche na kupima mashina. Huko huitwa mwanzo wa utaalamu. Huku huitwa kibarua. Tofauti haiko katika jasho, iko katika karatasi.

Tena nchi nyingine zimekwisha kuonyesha njia. Marekani, katika shida ya miaka ya 1930, serikali iliandikisha vijana wasio na kazi katika kikosi cha hifadhi kilichodumu toka 1933 hadi 1942. Vijana wapatao milioni 3 walipita humo, na miti ipatayo bilioni 3 ilipandwa. Walilipwa dola 30 kwa mwezi, na dola 25 kati ya hizo zilipelekwa kwa wazazi wao. Kambini wakafundishwa kusoma na ufundi. Afrika ya Kusini tangu mwaka 1995 imewaajiri watu maskini kuondoa miti ya kigeni inayokausha mito. Na jirani zetu wa Kenya, katika harakati ya Ukanda wa Kijani iliyoanzishwa na Wangari Maathai mwaka 1977, akina mama walilipwa kiasi kidogo cha fedha kwa kila mche ulioshika na kuishi. Malipo yalikuwa madogo, lakini mantiki yake ilikuwa kubwa: fedha ilifuata uhai wa mti.

Huku ziwani haja ni kubwa hata zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka ukingo wa ziwa. Ukanda huo ndio wa mafunjo, matete na mikuyu, vitu vinavyochuja tope na kuwapa samaki mahali pa kuzalia. Ulipolimwa na kufyekwa, tope na mbolea viliingia ziwani. Gugumaji lilipotokea mwishoni mwa miaka ya 1980 lilikuta maji yenye chakula tele, na kufikia mwaka 1998 lilikuwa limefunika hekta zaidi ya 15,000. Mradi wa hifadhi wa nchi tatu ulioanza mwaka 1997 ulitumia wadudu wadogo wa jamii ya fukusi waliofugwa makusudi, pamoja na mikono ya watu walioling'oa. Gugu likapungua sana, lakini halikuisha. Anayeingia majini kuling'oa, au kupanda matete ukingoni, anasimama katika maji yenye kichocho. Je, mtu huyo akiugua baada ya msimu, nani atamtibu? Kama hana hati ya ajira, ni vigumu hata kuthibitisha kwamba alikuwapo.

Sheria za kumlinda zipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi kwa maandishi maelezo ya kazi yake: mahali, saa, muda na ujira. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ilitungwa mwaka 2008, na Mfuko wake ukaanza kazi mwaka 2015. Sheria nzuri isiyofika kando ya kitalu ni kama mtumbwi mzuri uliofungwa bandarini.

Basi maoni yetu ni haya. Kwanza, anayeajiri watu wa kupanda miti, awe ni halmashauri, shamba la serikali kama Rubya kule Ukerewe au Buhindi kule Buchosa, au shirika lenye mradi, apatane na kikundi cha wenyeji toka kiangazi kimoja hadi kingine. Si lazima iwe kazi ya kila siku. Siku zile zile zikigawanywa vizuri kati ya mbegu, kitalu, kupanda, kupalilia na kuhesabu, zitamfaa mkulima na mti pia.

Pili, siku ya kazi ilipwe kamili, na juu yake iwekwe nyongeza itakayolipwa baada ya mwaka mmoja na baada ya miaka miwili kwa miti iliyo hai. Twasema nyongeza, wala hatusemi ujira wenyewe. Kumlipa mtu kwa mti ulio hai tu ni kumtwika maskini mzigo wa ukame, naye hakuizuia mvua.

Tatu, kila amalizaye msimu apewe hati inayotaja alichojifunza: kutayarisha mbegu, kutambua miti, kupima, kuweka kumbukumbu. Chuo cha Misitu Olmotonyi na vyuo vingine viitambue hati hiyo kwa namna fulani wanapochagua vijana. Nne, watafiti wanaokuja na kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia watakiwe kuandika majina ya wenyeji waliofanya nao kazi, wakikubali, katika taarifa zao.

Yatasemwa mambo mawili dhidi yetu. La kwanza ni kwamba fedha hazitoshi. Twajibu kwamba ghali kuliko yote ni kuupanda mti ule ule mara tatu. Afadhali halmashauri ipande miti 500,000 na kuilea, kuliko kupanda 1,500,000 na kuitelekeza. Na twawaomba wanaotoa maagizo waulize idadi ya miti iliyo hai, maana mtumishi hutimiza lile analoulizwa. La pili ni kwamba kupanda miti ni kazi ya kujitolea kwa ajili ya taifa. Sisi hatubezi kujitolea. Kijiji kipandacho miti yake kwa nguvu zake chastahili heshima. Lakini mradi wenye bajeti, unaowalipa madereva, wahasibu na wageni wa semina, usimwambie mchimba mashimo peke yake kwamba yeye afanye kwa uzalendo.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Kwa kibarua wa miti msemo huu bado haujatimia: anachuma juani, na kivuli anachokipanda hufa kabla hajakikalia. Vuli nyingine itakuja, na magari yatapakia miche tena. Viongozi wa wilaya za ziwa wasingoje ngurumo ya kwanza. Wakae sasa na vikundi vya vijana na akina mama katika vijiji vyao, wapatane nao kazi ya mwaka mzima, na kuwaandikia. Kisha baada ya miaka 2 waende nao shambani wakahesabu.